Aya tunayoikata katikati: ujasiri wa Askofu Mkuu Janani Luwum

Mleta uzi

Ndugu zangu, Bwana Yesu asifiwe, na kwa Wakatoliki mliomo humu, Tumsifu Yesu Kristo.

Wiki iliyopita nilipanda daladala iliyoandikwa kwenye kioo cha nyuma "Mungu hakutupa roho ya woga", na dereva wake, kwa jinsi alivyokuwa akiyapita magari ya wenzake kwa upande wa waenda kwa miguu, alionekana kuiamini aya hiyo kwa moyo wote. Nikiwa nimesimama na kushikilia bomba, nilikumbuka kwamba mchoraji alikuwa ameiacha aya nusu. Paulo alimwandikia Timotheo hivi: "Maana Mungu hakutupa roho ya woga, bali ya nguvu na ya upendo na ya moyo wa kiasi" (2 Timotheo 1:7). Sisi woga tunaukataa na nguvu tunaipokea, kisha upendo na kiasi tunavishusha kituo cha nyuma. Katika mahubiri mengi ninayoyasikia, ujasiri wa Mkristo anayepingwa umegeuka kuwa ni kupaza sauti, kumtaja adui na kumtangazia tarehe ya anguko lake. Naomba niwaletee habari za mtu aliyeishi aya hiyo yote, na hasa jambo moja dogo alilolifanya usiku mmoja, ambalo kwangu ni zito kuliko hata kifo chake.

Janani Luwum alizaliwa mwaka 1922 huko Mucwini, Kitgum, kaskazini mwa Uganda, katika watu wa Acholi. Alikuwa mwalimu wa shule alipookoka mwezi Januari 1948, kwa njia ya ule uamsho uliopitia Gahini nchini Rwanda na kusambaa Uganda, Kenya na Tanganyika, ambao ndio uliotuachia neno "mlokole". Waganda wakisema balokole wanamaanisha watu waliookoka. Sisi tulilipokea neno hilo na baadaye tukaligeuza la kumkejeli jirani asiyekunywa pombe. Luwum alisomea uchungaji, akawa Askofu wa Uganda Kaskazini mwaka 1969, na mwaka 1974 akawekwa kuwa Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana la Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire. Kumbukeni kwamba Idi Amin alikuwa ametwaa madaraka Januari 1971, kwa hiyo Luwum alikikalia kiti hicho wakati ambapo watu walikuwa wakichukuliwa ofisini na majumbani, na jamaa zao hawajui wakaulize wapi.

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 1977, kama saa saba na nusu, mbwa walibweka nyumbani kwake Namirembe, Kampala. Nje alikuwapo mtu aliyemfahamu, akimsihi afungue mlango. Mtu huyo alikuwa ameteswa na kuletwa kama chambo, na mlango ulipofunguliwa askari wenye silaha waliingia kwa kishindo wakidai waonyeshwe bunduki zilizofichwa. Walimbana Askofu kwa mtutu tumboni, wakapekua vyumba, wakatafuta chini ya vitanda na katika akiba ya chakula, wasione kitu. Yeye aliwaambia kwamba nyumba ile ni nyumba ya Mungu, kwamba humo wanamwombea Rais na vyombo vyake vya usalama, na kwamba kazi yao ni kuhubiri Injili wala si kutunza silaha.

Sasa lije jambo dogo nililolisema. Askari wale walikuwa wameingia kwa kupitia uzioni, na walipomaliza upekuzi wao wa bure waliomba wafunguliwe geti watoke. Mkewe, Mama Mary, alisema watoke walikoingilia. Askofu alikataa. Alisema kwamba wao ni Wakristo, mioyo yao ni safi, na kama ushuhuda wa hilo watawafungulia geti. Wakafunguliwa, wakatoka kwa geti kama wageni walioalikwa chakula cha jioni.

Nimelitafakari geti lile kwa miaka mingi. Mtu aliyewekewa mtutu tumboni saa moja iliyopita ana sababu zote za kujifungia chumbani akitetemeka, au za kuwatukana watu wale mgongoni wanapoondoka, na pengine tungemsamehe kwa lolote kati ya hayo mawili. Kumfungulia geti aliyeruka uzio wako kunahitaji uwe umeshinda woga na chuki kwa wakati mmoja, na kati ya viwili hivyo mimi naona chuki ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu chuki hujivika joho la ujasiri na tukaishangilia.

Msidhani kwamba upole ule ulikuwa wa kunyamaza. Siku chache baadaye maaskofu walimwandikia Amin barua iliyomweleza waziwazi kwamba bunduki iliyokandamizwa tumboni mwa Askofu Mkuu, na iliyotumika kupekua nyumba ya Askofu wa Bukedi, ni bunduki iliyoelekezwa kwa kila Mkristo. Tarehe 16 Februari viongozi wa dini waliitwa Kampala, wakasimamishwa juani kwa saa nyingi mbele ya wanajeshi na silaha zilizopangwa zionekane. Likasomwa tamko lililomhusisha Luwum na njama za kuipindua serikali, na wanajeshi walipoulizwa wafanywe nini, wakajibu kwa kelele kwamba wauawe. (Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kambi za jeshi lile, na sisi tunaojivunia lugha hii tungefanya vyema kukumbuka kwa nini baadhi ya wazee wa Uganda waliikunjia uso hata baada ya Amin kuondoka.) Luwum alimnong'oneza Askofu Festo Kivengere kwamba watamuua, na kwamba haogopi. Wenzake waliruhusiwa kuondoka, yeye akaambiwa Rais anamhitaji ndani. Kesho yake redio ilitangaza kwamba amekufa katika ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Jeneza lilipelekwa Mucwini chini ya ulinzi wa askari, na waliolifungua waliona matundu ya risasi.

Kule Namirembe kaburi lilikuwa limechimbwa karibu na la Askofu Hannington, aliyeuawa mwaka 1885, nalo likabaki tupu. Jumapili ile maelfu walikusanyika hata hivyo, na Askofu Mkuu mstaafu Erica Sabiti akawakumbusha maneno ya malaika kwa wanawake kaburini, kwamba hayupo hapa, amefufuka. Mwaka ule ule Kanisa la Uganda lilikuwa linajiandaa kuadhimisha miaka 100 tangu wamisionari wa kwanza wa Kianglikana wafike mwaka 1877.

Hoja yangu ni kwamba ujasiri wa tarehe 16 ulikuwa umekwisha kuonekana getini. Karibuni tuijadili kwa staha.

Mzee wa Kwaya

Ndugu mleta uzi, amani ya Bwana. Nakushukuru, ila naomba nisiwe wa kuitikia amina tu. Wapo waliosema wakati ule kwamba Luwum alikuwa karibu mno na Ikulu, kwamba alihudhuria sherehe za serikali na kupeana mkono na mtu ambaye mikono yake ilijulikana imetapakaa nini. Na wapo wa upande wa pili wanaosema aliuawa kwa siasa, kwa sababu alikuwa Mwacholi kama wengi waliomuunga mkono jeshini Obote, Rais aliyepinduliwa na Amin, wala si kwa imani. Unawajibu nini hawa wote wawili?

Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu. Maswali yako ni ya haki, na nitaanza na la kwanza kwa kuwa ndilo linalonigusa zaidi.

Ni kweli alilaumiwa kwa kuwa karibu, na lawama ile ilimfikia. Aliieleza mwenyewe hali yake, kwamba hajui atakikalia kiti kile kwa muda gani, kwamba anaishi kana kwamba hakuna kesho, kwamba hajajiunga na upande wa serikali, na kwamba kila apatapo nafasi humweleza Rais mambo ambayo makanisa hayakubaliani nayo. Alikuwa akienda kuwaulizia watu waliochukuliwa. Sasa, huwezi kumwombea mfungwa kwa mtu ambaye umeapa kutomkanyagia mlango. Huu ndio ninaouita moyo wa kiasi: kuvumilia kuonekana mwoga machoni pa marafiki zako ili mama mmoja ajue mwanawe amepelekwa wapi. Mimi naona ni rahisi zaidi kuvumilia matusi ya adui kuliko kuvumilia minong'ono ya watu wa kanisani kwako.

Kuhusu siasa, hakupelekwa mahakamani, na serikali yenyewe haikusema imemwadhibu kwa uhaini. Ilisema gari limepata ajali. Kwamba kabila lake lilimwongezea hatari, sina ubishi. Lakini Ndugu Kivengere hakuwa Mwacholi, alitoka Kigezi kusini magharibi, naye alilazimika kutoroka siku hizo hizo.

Mjukuu wa Karagwe

Ndugu zangu, nimesoma kwa makini, na ninaomba kuongeza jambo kuhusu walokole kwa sababu nimelelewa nao. Uamsho uliingia kwetu Kagera mwishoni mwa miaka ya 1930, na babu yangu alikuwa mmoja wa waliookoka mapema. Watu wa nje waliona nyimbo na shangwe, ila sisi wa ndani tulichokiona zaidi ni toba. Walikuwa na msemo wa "kutembea nuruni", na maana yake haikuwa ya kishairi hata kidogo. Babu alikuwa ameiba sururu ya misheni akiwa kijana wa kazi, na akaitumia shambani kwake kwa miaka. Baada ya kuokoka aliibeba begani mchana kweupe, akapita nayo barabarani kwa kilomita kadhaa, kila aliyemuuliza anakwenda wapi na sururu akamjibu kwamba anairudisha kwa wenyewe, aliiiba. Bibi alituambia kwamba siku ile alitamani ardhi impasukie.

Nilipokua nilielewa kwamba mtu wa namna ile ni vigumu sana kumtisha. Utamtishia nini? Aibu yake ameitangaza mwenyewe, njia nzima. Watawala na mabosi wengi hutushika kwa yale tunayoyaficha, na kabla hata hawajatufungulia kesi tumekwisha kuwa mateka wao. Sijui kama Askofu Luwum alikuwa na sururu yake, lakini alilelewa katika shule hiyo hiyo, na aliposema mioyo yao ni safi nadhani hakuwa akijisifu, alikuwa akieleza tu kwamba hapakuwa na kitu cha kupekuliwa.

Mtunza Stoo

Maneno ya ndugu wa Karagwe yamenichoma, na sasa nitaandika jambo ambalo nililiandika na kulifuta mara mbili.

Nilikuwa mtunza stoo katika mradi mmoja wa ujenzi, ambao sitautaja. Siku moja lori lilileta saruji. Hati ilisema mifuko 200, nami nikahesabu 164, nikahesabu tena nikiwa na kijana wa kupakua, ikawa 164. Mkubwa wangu alinipigia simu akaniambia nisaini kama ilivyoandikwa. Msomaji atadhani woga wangu ulikuwa wa kufukuzwa kazi, na ulikuwapo, lakini haukuwa huo hasa. Nilikuwa nimekwisha kusaini hati za namna hiyo mara mbili huko nyuma, na safari ya pili nilipewa bahasha ambayo niliitumia kulipia ada ya mtoto. Yeye alijua, nami nilijua kwamba anajua.

Usiku ule niliomba kwa muda mrefu nikimsihi Mungu anipe ujasiri, na wala haukuja. Kilichokuja ni zile hati mbili. Asubuhi niliandika barua ya kukiri niliyoyafanya nyuma, nikataja na fedha, nikaikabidhi kwa mhusika wa juu, ndipo nikarudi stoo nikaandika kwenye hati ya lori "164" na kusaini. Mkono ulitetemeka kiasi kwamba tarakimu ya 6 ilifanana na sifuri, ikabidi niiandike upya pembeni. Nilisimamishwa kazi, na sehemu ya mshahara wangu wa mwisho ilikatwa kufidia, jambo ambalo naliona ni halali. Yeye alibaki.

Mleta uzi, swali langu ni hili. Miezi minane baadaye alifiwa na mama yake, na msiba ulikuwa mtaa wa pili kutoka kwangu. Wenzangu wa jumuiya walinigawanyikia. Nilikwenda, nimechelewa kwa makusudi, nikakaa nyuma kabisa kwenye turubai, nikatoa rambirambi nikaandikwa kwenye daftari. Alinipa mkono bila kuniangalia. Je, lile lilikuwa geti, au nilikuwa najipendekeza ili nirudishwe kazini? Mimi mwenyewe hadi leo sina hakika.

Mleta uzi

Ndugu yangu, nimesoma ujumbe wako nikiwa ofisini na imenibidi nitoke nje kwanza.

Sitakupa jibu la haraka kuhusu moyo wako, maana hata mimi wa kwangu huwa unanidanganya. Niseme tu kwamba umenisahihisha. Nilipoanzisha uzi huu niliandika kana kwamba ujasiri ni kitu ambacho mtu huomba na kukipokea mkononi. Mitume walipotishwa na Baraza kule Yerusalemu, waliomba hivi: "Basi sasa, Bwana, yaangalie matisho yao, ukawajalie watumwa wako kunena neno lako kwa ujasiri wote" (Matendo 4:29). Mara nyingi nimeshangaa kwamba hawakuomba matisho yaondolewe. Ila nilikuwa sijatilia maanani kwamba aliyekuwa mbele katika kundi lile ni Petro, ambaye majuma machache kabla alikuwa amemkana Bwana wake mbele ya kijakazi, na habari hiyo kanisa zima liliijua. Hapakuwa na mtu katika Baraza ambaye angeweza kumtisha Petro kwa kumfichulia yale ya uani kwa Kuhani Mkuu, alikomkana Bwana. Ilikuwa imekwisha kusimuliwa na kusamehewa.

Kuhusu msiba, sidhani kwamba Luwum naye alisubiri kwanza kupima nia yake kwa mizani ndipo afungue geti. Ilikuwa usiku wa manane na watu wale walikuwa wanataka kutoka.

Mwana wa Eldoret

Bwana asifiwe, ndugu wa Tanzania. Nauliza kutoka Kenya, na swali langu ni kuhusu hicho kiasi. Mwezi Agosti 1990 Askofu Alexander Muge wa hapa kwetu Eldoret alitishwa hadharani na waziri mmoja kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke hai. Alikwenda, akahubiri, na akiwa njiani kurudi tarehe 14 gari lake likagongana na lori, akafa. Waziri alijiuzulu. Watu wengine humwita shujaa na wengine husema angebaki nyumbani. Halafu huyo Kivengere mnayemtaja alikimbia. Mmoja alikwenda mahali alipotishwa, mwingine akaondoka. Wote wawili hawawezi kuwa mfano wa ujasiri ule ule.

Mleta uzi

Kwa nini wasiwe?

Kivengere na mkewe waliondoka usiku, na kipande cha mwisho cha safari walikitembea kwa miguu milimani hadi Rwanda. Alifanya hivyo kwa kusihiwa na watu wake, ambao walimwambia kwamba askofu mmoja aliyekufa anatosha. Bwana mwenyewe alisema, "watakapowafukuza katika mji huu, kimbilieni mwingine" (Mathayo 10:23), na Paulo aliteremshwa ukutani ndani ya kapu bila kulalamika kwamba kapu linamshushia hadhi. Luwum alibaki kwa kuwa alikuwa mchungaji mkuu na aliamini kwamba kuondoka kwake kungewavunja moyo waliokuwa hawana pa kwenda. Muge alikuwa na safari ya kuhubiri, akaona akiiahirisha kwa tishio, kila mwenye cheo atajua namna ya kupanga ratiba ya kanisa. Ninaona watu watatu waliojiuliza swali moja, yaani kondoo wangu wananihitaji wapi, wakapata majibu tofauti.

Na kazi ngumu ya Kivengere ilimkuta uhamishoni. Aligundua kwamba anamchukia Amin, na kwamba chuki hiyo inamkausha. Ilikuwa London, katika ibada ya Ijumaa Kuu mwaka ule ule, aliposikia maneno ya Bwana msalabani akiwaombea wauaji wake msamaha, ndipo akaona kwamba hawezi kumwondoa Amin katika maneno yale. Wazee wa Dodoma waliofundishwa naye, maana alikuwa mwalimu huko tangu mwaka 1946, hawakushangazwa sana.

Mama Wawili

Kaka zangu, nimewasoma wote kwa heshima, na ninajua siku hizi tarehe 16 Februari ni sikukuu ya kitaifa Uganda na sanamu ya Askofu iko Westminster Abbey, London. Lakini humu ndani hakuna aliyemsemea Mama Mary. Nyumba ni yake, watoto ni wake, mumewe amewekewa bunduki tumboni mbele yake, akiba yake ya chakula imevurugwa, na yeye anasema tu kwamba watoke walikoingilia. Kuna woga gani hapo? Kuna chuki gani? Mimi kwa kweli ningesema maneno yale yale, na pengine ningeongeza mengine.

Mleta uzi

Dada yangu, umenibana mahali pazuri. Habari za usiku ule tumezipata kwa sababu Askofu mwenyewe aliwasimulia wenzake, na alipozisimulia hakuyaficha maneno ya mkewe wala hakuyafanya kuwa ya mwanamke mwenye imani haba. Aliyaacha yasikike. Nadhani alijua kwamba aliyesema watoke uzioni alikuwa amesema haki tupu, na kwamba yeye aliamua kutoa kitu ambacho hakudaiwa. Mama Mary alimwona mumewe akirudi ndani baada ya geti lile kufungwa, na siku 11 baadaye hakurudi.

Na mimi ningekuwa pale, nakiri, ningewauliza kwanza uzio atautengeneza nani.